Kivuli cha Masing Kwenye Kisanduku

Walisema Masing hajaondoka. Walisema amezikwa, ndiyo, nguruwe wamechinjwa na nyimbo zimeimbwa, lakini ukienda ukumbi wa kanisa ukafungua kile kisanduku cha ramani utamkuta shambani kwake, kati ya viazi vikuu, kama mtu asiye na habari na kifo chake mwenyewe.

Uvumi huo ulianza kwa watoto, ukafika kijitoni kwa kina mama wanaofua. Aliyemletea mjane wake, Leinasei, alikuwa wifi yake, Leiwos, dada wa marehemu.

"Wifi yangu, usinikasirikie. Mimi si mchonganishi."

"Ukianza hivyo, najua uchonganishi unakuja."

"Wanasema kaka yangu yumo kwenye kisanduku chako."

"Changu tangu lini?"

"Si wewe unayekilisha jua kila siku? Umemfungia mwenzio humo. Mwachie apumzike, alikuchoka angali hai!"

Kina mama walicheka huku wameziba midomo, maana msiba ulikuwa bado mbichi. Leinasei naye alicheka, lakini kwa meno tu. Shuka aliyokuwa anaisuuza akaisuuza tena, kisha akaisuuza tena. Maneno yale yalimwingia kama mchanga kwenye chakula, unautema na bado unausikia.

Kisanduku chenyewe hakikuwa kikubwa, kilitoshana na kopo la biskuti. Kililetwa na Kalmaire, kijana wa ramani kutoka Vila, mji mkuu, kwa sababu mtandao wa upande huu wa kisiwa ni wa kuombea dua. Ukitaka kuona kwenye simu picha ya kitongoji kimoja kilivyo ukikitazama kutoka juu, utakuna nazi, utakamua tui, utafunga laplap, mkate wetu wa viazi vilivyokunwa, kwenye majani na kuifukia kwenye mawe ya moto, na ukirudi utakuta picha imefika nusu ya paa moja. Basi Kalmaire alirusha droni yake juu ya kisiwa kizima, akazitia picha zote kisandukuni. Mtu akikaa karibu nacho na simu au kompyuta, picha zinamjia papo hapo, bila kuomba chochote kwa mtandao wa nje. Vijana wa kujitolea wakawa wanakaa ukumbini kila Jumamosi, wanachora juu ya picha zile: nyumba hii, tangi la maji hili, njia inapita hapa, daraja la gogo liko pale. Michoro ni myepesi, hiyo ndiyo waliyoipeleka juu ya kilima penye mnara wakaituma. Zahanati ikapata ramani yake, na kamati ya maafa yake. Walichora kwa wifi ya kisanduku, na Leiwos hakuacha kusema kwamba sasa Leinasei ana wifi wawili, mmoja msemaji na mmoja bubu, na bubu ndiye anayependwa.

Leinasei aliishia darasa la sita. Alipewa kisanduku akitunze kwa kuwa nyumba yake imeegemeana na ukumbi na sola yake ilikuwa nzima. Kalmaire alimfundisha kukifuta vumbi, kukichaji, na flashi ikija na meli, kuichomeka na kubonyeza hapa, kisha hapa.

"Ila kumbuka, mama yangu. Tumbo lake dogo. Futa za zamani kwanza, ndipo uweke mpya. Ukijaza juu kwa juu kitakwama."

"Kama mtoto mlafi."

"Kabisa. Kama mtoto mlafi."

Jumamosi ile baada ya maneno ya kijitoni alimngoja binti yake. Votausi ndiye aliyewaongoza wenzake kuchora. Alikuwa msichana mwenye mwendo wa mbuzi, akipita mahali unasikia upepo tu.

"Nionyeshe shamba la baba yako."

Votausi alimtazama mama yake kidogo. Alikuwa anajua. Wote ukumbini walikuwa wanajua, hakuna aliyethubutu kusema. Akasogeza picha kwa kidole, juu ya kanisa, juu ya kijito, mpaka kwenye mteremko wenye vishada vya viazi vikuu vilivyopandishwa kwenye miti. Akakuza.

Katikati palikuwa na nukta ya buluu. Shati. Uso haukuonekana, maana ukimtazama mtu kutoka juu unaona kofia. Lakini jua la siku ile lilikuwa la asubuhi, likamlaza kivuli chake kirefu juu ya udongo, na kivuli kile kilishika mti wa kuchimbia na kiliegemea kushoto. Masing aliangukiwa na gogo ujanani, mguu ukaunga vibaya. Kisiwa kizima hakikuwa na mtu mwingine aliyeegemea hivyo.

"Ndiye," Leinasei alisema.

"Ndiye, Mama."

Kuanzia hapo alikwenda kila siku. Alijifunza kufika pale mwenyewe kwa kidole, kanisa, kijito, mteremko. Kama kuna watu alijifanya anafuta vumbi. Kwetu kitu cha marehemu hakihamishwi mpaka karamu ya siku ya mia. Shamba la Masing lilikuwa limefungwa kwa jani la namele getini, alama ya mwiko, hakuna wa kuchimba hata kiazi. Leinasei alijiambia moyoni kwamba na hiki ni kitu cha marehemu. Hakumwuliza mtu kama ndivyo. Alijijibu mwenyewe.

Ndipo ardhi ikatetemeka. Haikubomoa nyumba, ilimwaga sufuria tu. Lakini nyuma yake mvua zilianguka mfululizo, na mzee mmoja wa vitongoji vya juu akasema alisikia mlima unakohoa upande wa Burao. Burao ni ng'ambo ya kilima, na watu wa Burao siku zote huja kwa mashua. Hakuna aliyekwenda kuangalia mlima umekohoa nini.

Kalmaire alirudi na droni yake, safari hii akairusha kutoka ncha nyingine ya kisiwa bila kufika kwetu, akatuma flashi kwa meli pamoja na salamu: picha mpya za kisiwa kizima, tafadhali Mama Leinasei aziweke upesi, vijana waanze na njia.

Leinasei aliishika flashi ile kiganjani. Ndogo kama mbegu ya embe iliyonyauka. Futa za zamani kwanza. Aliingia ukumbini, akaketi mbele ya kisanduku, akafika mpaka pale pa kubonyeza. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Hakuwa na hakika. Akachomoa, akaitia flashi kwenye kopo la chumvi jikoni, akalifunika.

Karamu ikipita, alisema. Siku ya mia ikipita tu, nitaweka.

Jioni Votausi alimkuta anakuna nazi.

"Mama, ile flashi ya Kalmaire umeshaiweka?"

"Nimeweka."

Hivyo tu. Mkono wake haukusimama hata kidogo kwenye mbuzi ya kukunia. Na Votausi, kwa kuwa aliyesema ni mama yake, alikwenda akaandika kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi, kwa herufi kubwa: PICHA MPYA.

Mngesema hao vijana hawakuona? Wangeona nini? Kijiji chetu hakikubadilika, mapaa ni yale yale, miti ni ile ile. Shamba la Masing hakuna aliyethubutu kulifungua tena. Walikuwa wanachora ng'ambo, mahali ambapo wengi wao hawajakanyaga tangu utotoni. Waliona njia nyembamba inapanda kilima na kushuka Burao kando ya mteremko, wakaichora. Votausi mwenyewe ndiye aliyeichora. Akaipaka rangi ya njia nzuri.

Leinasei alipita mara nyingi chini ya ubao ule. Yale maneno mawili yalimtazama. Siku moja alichukua kitambaa ayafute, akamsikia Leiwos mlangoni, "Wifi, unafuta nini tena, mbona kumeng'aa?" akafuta dirisha.

Asubuhi moja bahari ilikuwa imevurugika, mawimbi yanapanda mpaka kwenye mizizi ya minazi, hakuna mashua inayotoka. Nesi Obed wa zahanati akaja mbio kwa Votausi na redio mkononi. Mke wa mtu kule Burao, Saraki, uchungu umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya.

"Kwa bahari haiwezekani," Obed alisema. "Kuna njia mbili za juu. Ile ya mgongoni ni salama ila ndefu mno. Ramani inasema ya mteremkoni ni nzima."

"Ni nzima, nimeichora mwenyewe juzi kwenye picha mpya," Votausi alisema. Alikuwa ameshafunga panga kiunoni. "Nitakupeleka, Nesi. Wewe na kitambi chako nifuateni taratibu."

"Kitambi hiki ni akiba ya njiani, binti. Ukizirai utakuja kuniomba."

Leinasei alikuwa amesimama hapo hapo, na kikapu cha magimbi mkononi. Jamani, alikuwa hapo hapo. Neno lilimpanda mpaka kwenye ulimi, na ulimi ukawa kama jiwe la kuokea. Akaona atakavyotazamwa na Obed. Akaona Votausi atakavyosoma tena ule ubao. Akamwona Leiwos kijitoni na hadithi mpya. Akajiambia, kwani lazima njia iwe imeharibika? Si ilikuwapo tangu enzi za mababu?

"Mama, mbona umenyamaza? Tubariki basi."

"Nendeni na Mungu," alisema.

Wakaenda. Akawatazama mpaka wakaishia kwenye mianzi.

Na sikilizeni alichofanya baada ya hapo, maana hapa ndipo panapomchoma zaidi kuliko kote. Hakuwakimbilia. Alikwenda jikoni, akatoa flashi kwenye kopo la chumvi, akaenda ukumbini. Alitaka aweke picha zile haraka haraka, kimya kimya, ili lolote likitokea zionekane zilikuwamo tangu mwanzo. Hata wakati ule, mtoto wake anapanda kilima, alichokuwa anakiokoa kwanza ni uso wake.

Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza. Hakumtazama Masing mara ya mwisho, aliogopa. Kisha akangoja, na picha mpya zikaingia polepole, naye amekaa juu ya mikono yake kama mtoto aliyeadhibiwa.

Zilipojaa akachukua simu ya zamani ya Votausi, akatembeza kidole: kanisa, kijito. Kidole kikataka kupanda shambani kwa mazoea. Akakizuia, akakipeleka ng'ambo. Akaifuata njia ya mteremko kama anavyofuata mtu uzi kwenye mkeka, hatua kwa hatua, mpaka mahali uzi ulipokatika. Palikuwa na jeraha la udongo mwekundu, pana kama uwanja wa kanisa, limeshuka kutoka chini ya mgongo wa kilima mpaka bondeni. Njia ilifika ukingoni ikaishia hewani. Na juu ya ukingo majani yalikuwa yameshaota, mabichi, mazuri. Mtu anayekuja na haraka asingeona kitu mpaka awe juu yake.

Alitoka mbio bila kufunga mlango. Kilima chenyewe asingekipanda, kifua chake kilikuwa kinamkaba tangu mazishi. Simu hazishiki mpaka mnarani. Akasimama katikati ya uwanja, akaiona ngoma.

Ngoma yetu ni gogo lililochimbwa tumbo, limesimama mbele ya nyumba ya wanaume. Mwanamke haigusi, hata kuifagilia karibu hafagilii. Lakini ina pigo moja ambalo likisikika, aliye shambani hutupa jembe, aliye baharini hugeuza mashua, kila mtu hurudi nyumbani bila kuuliza. Pigo la msiba. Leinasei alilisikia lilipopigwa kwa ajili ya Masing, na tangu hapo halijatoka masikioni mwake. Akaokota gongo lake, akaipiga. Akaipiga kwa mikono miwili, kilemba kikamdondoka, akaendelea kupiga.

Watu walimiminika. Wanaume wakaja wamekasirika kabla hawajafika.

"Mwanamke! Una wazimu? Nani amekufa?"

"Bado," alisema, huku anapiga. "Bado! Njia ya Burao haipo. Picha sikuweka. Niliwadanganya, picha sikuweka!"

Hakuna aliyeelewa isipokuwa vijana wa ramani. Mmoja alikimbia ukumbini, akatoka anapaza sauti kwamba njia imekatika kweli. Ndipo wale wenye miguu wakashika njia ya kilima, na Leiwos, yule yule wa maneno mengi, akamkumbatia wifi yake kwa nyuma asije akaanguka.

Huko juu, kama Obed alivyokuja kusimulia, Votausi alikuwa mbele anafyeka. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye yale majani mazuri pigo lilipowafikia. Akageuka ghafla, na ukingo ukakatika chini yake. Aliteleza, akanaswa na mzizi wa mkuyu, mguu umeingia kati ya mawe. Obed alilala kifudifudi akamvuta kwa mkanda wake wa suruali. Akamfunga mguu kwa vijiti, akamwacha na waliokuja, akakata kwenda njia ya mgongoni na kijana mmoja. Alifika Burao mtoto ameshatoka, miguu mbele, amekuwa wa zambarau, na Saraki amevuja damu hata ameacha kusikia akiitwa. Wote wawili wamepona. Obed hupenda kusema hivyo, "wamepona," halafu hutazama pembeni. Mtoto yule alichelewa kulia, na mpaka leo kila anapochelewa jambo lolote, kukaa, kutambaa, Leinasei hupata habari, na usiku ule halali.

Votausi walimshusha kwa machela ya mianzi. Alipomwona mama yake alianza kulia.

"Uko hai! Nilidhani ni wewe. Nilisema kile kifua kimemuua mama, nikageuka."

"Kama asingegeuka," Obed alikuja kusema siku nyingine, "tungekwenda wote wawili." Ila Votausi aligeuka kwa kudhani mama yake amekufa, na katika kugeuka ndipo alipoanguka. Leinasei huyapima maneno hayo mawili kila siku, hili mkono huu, hili mkono ule, na mizani haijatulia.

Wazee walimtoza faini ya kugusa ngoma. Alitoa nguruwe na mikeka, akapewa mkono, yakaisha. Kwa lile lingine hakuna aliyemtoza kitu. Angeshukuru wangemtoza.

Bahari ilipotulia Kalmaire alikuja. Leinasei alimwambia yote, kuanzia kijitoni. Kijana alikaa kwenye kizingiti akashika kichwa.

"Mama yangu. Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ningekuambia nini? Mtu mzima naomba kuachiwa kivuli?"

"Picha za zamani zote ziko Vila. Hazijapotea, hazipotei. Zinafutwa humu tu ili nafasi ipatikane. Ningekukatia kile kipande chako, shamba na baba, nikakitia kwenye simu yako. Kazi ya kumaliza kikombe cha chai."

 Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leinasei alikuwa amezaa, na alificha, na aliyelipa ni yule aliyemzaa.

"Nikuletee sasa?" Kalmaire aliuliza. "Meli ijayo?"

"Niache kwanza, mwanangu."

Siku ya mia ilipita. Jani la namele likafunguliwa, viazi vikachimbwa. Votausi ametupa mkongojo, ila mguu haukuunga sawasawa. Juzi asubuhi alikuwa anapanda shambani na mti wa kuchimbia begani, jua liko nyuma yake, na Leinasei akiwa mlangoni aliona kivuli kirefu kinatangulia juu ya udongo. Kinaegemea kushoto. Akaingia ndani akaketi.

Ninyi mnaokabidhiwa kisanduku kama kile, na mnaokabidhiwa watoto, ya kuepuka ni haya:

Usiseme "nimeweka" wakati kitu kiko kwenye kopo la chumvi.

Usiandike ubaoni kwamba picha ni mpya kwa kuambiwa tu, hata kama aliyekuambia ni mama yako. Fungua, tafuta tarehe, tafuta mahali unapopajua kwamba pamebadilika.

Usimwachie mtu mmoja kitu ambacho miguu ya wengi inakifuata.

Usiipake njia rangi ya njia nzuri kabla hujampata aliyeipita baada ya mvua.

Usifute, na usikatae kufuta, kabla hujauliza. Kuuliza ni kazi ya kikombe cha chai.

Usijitungie mila.

Usiogope vicheko vya kijitoni.

Usimbariki mtoto anayeondoka huku umemfichia neno.